Nasaha ya Nne kwa Wageni

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imechapwa pande mbili, na kwa miezi kadhaa ilikaa juu ya mto wa kila kitanda katika nyumba ya wageni nilimokuwa nikifanya kazi, pale Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Niliiandika mimi. Niliiandika kwa Kiingereza, alasiri moja, nimekaa kwenye meza ya mapokezi huku feni ikipeperusha kurasa za daftari la wageni, na nilipoimaliza nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Mwenye nyumba ndiye aliyeniagiza. Alikuwa mtu wa bara aliyenunua nyumba ya kale ya ghorofa tatu, akaitengeneza vizuri, akaweka vitanda vya kamba na mapazia meupe. Wageni wake walimchosha kwa maswali yale yale kila siku: wavae nini, wapande nini, waogope nini. Akaniambia, wewe ni mzaliwa wa hapa, waandikie nasaha za nchi hii na za mji huu, ziwe fupi, ziwe za mtu anayejua. Hayo maneno ya mwisho yalinipendeza sana. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba kuna jambo ninalolijua.

Nikaanza na Mwembe Tayari, kwa sababu wengi wao walitoka Nairobi kwa basi na wakishuka pale huwa wamechoka na hawajui hata upande wa bahari ni upi. Niliandika: usimpe mtu begi lako akubebee; toka kwanza kwenye msongamano wa mabasi, simama kivulini, kunywa maji, ndipo utafute tuktuk, na mpatane nauli kabla hujakaa. Ya pili ilihusu mavazi. Mji wa Kale una misikiti kila pembe, basi mgeni afunike mabega na magoti, na ikiwa ni Ramadhani asitembee akila njiani. Ya tatu ilikuwa picha: usimpige mtu picha kabla hujamsalimu na kumwomba ruhusa, hasa kina mama. Hizo tatu hata leo siwezi kuzilaumu.

Ya nne ndiyo hii, nami naitafsiri kama ilivyokuwa, bila kuipunguzia ukali: "Ukikaribishwa nyumbani na mtu usiyemjua, jua kwamba ana jambo analolitaka kwako. Tabasamu, shukuru, endelea na safari yako. Usile wala usinywe chochote unachopewa mlangoni pa mtu, hata kama anayekupa ni bibi mzee."

Zilifuata nyingine sita, za feri, za mbu, za maji ya bomba. Lakini nilipofika kwenye maneno "bibi mzee" nilisita kidogo. Uso wa shangazi yangu ulinijia. Nikauona, nikaendelea kuandika.

Shangazi ni dada mkubwa wa babangu. Sisi tulikaa ng'ambo ya daraja, baba akija kisiwani kila siku kwa kazi yake ya ukarani kwenye ghala moja la Shimanzi, na mimi nilipopata shule ya sekondari mjini nikapelekwa kwa shangazi ili nisisumbuke na usafiri. Nilikaa kwake miaka sita. Mumewe, aliyekuwa fundi wa mashua kule Liwatoni, alikuwa ameshafariki, na watoto wake wawili walikuwa Uarabuni na familia zao. Alikuwa peke yake katika nyumba yenye kuta nene na kisima ndani, akitengeneza mabuyu na achari ya maembe vya kupeleka madukani. Alinilea vizuri. Alinifundisha kupika, kushona, kusalimia. Jina la shule hakuweza kuliandika, lakini kila jioni alitaka nimsomee nilichosoma siku hiyo, hata hesabu, naye akasikiliza kama anayeelewa.

Alikuwa na tabia moja ambayo mtaa mzima uliijua. Hakuweza kumwona mgeni akipita mbele ya mlango wake bila ya kumkaribisha. Wakipita Wazungu, Wachina, Waarabu, hata wanafunzi wa bara waliokuja kutembezwa, yeye huinuka barazani, anajitanda kanga vizuri, anawaambia, "Karibuni, ngieni ndani, jua kali." Kiingereza hakukijua, basi alitumia mikono. Akiwapata, aliwaonyesha kisima, akawachotea maji wayaguse wayaone yalivyo baridi, akawapa maji ya ukwaju kwenye glasi za maua, akawafundisha kujibu "sijambo". Hakuwauzia kitu. Mgeni akitia mkono mfukoni, yeye humshika kidole kimoja kimoja na kukikunja mpaka ngumi ikafungwa, kisha humpa kifuko cha mabuyu aende nacho.

Nilipokuwa msichana wa shule niliona ni jambo la fahari. Nilipoanza kazi kwenye nyumba ya wageni nikaanza kuliona vingine. Wiki moja kabla ya kuandika ile karatasi, vijana watatu waliokuwa wamepanga kwetu waliingia wakicheka. Mmoja wao akamsimulia mwenye nyumba kwamba bibi mmoja amemkamata mkono huko vichochoroni na kumburura ndani ya nyumba ili akatazame shimo lenye maji. Akaigiza sauti ya yule bibi na jinsi alivyokunja vidole vyake. Alimwigiza sawasawa. Wenzake walicheka mpaka wakajishika mbavu, mwenye nyumba naye akacheka, kisha akanigeukia akaniuliza kama namjua mtu huyo.

Nilisema kuna bibi mmoja huko nyuma, watu wa mtaa wamemzoea. Nami nikacheka pamoja nao.

Basi nasaha ya nne sikuiandika kwa ajili ya matapeli. Matapeli wapo, nami nawajua kwa sura, na ningeweza kuwaeleza vizuri nikitaka. Niliiandika ili wageni wetu wasiingie tena kwa shangazi wakatoka na hadithi za kuchekesha. Niliona haya kwa ajili yake. Hapo ndipo yote yalipoanzia, na sina namna ya kulisema kwa uzuri zaidi.

Jioni ile ile nilipita kwake nikamwambia nimeandika karatasi ya Kiingereza, imechapwa, na kila mgeni anapewa. Alifurahi kupita kiasi. Aliniombea dua, akaniuliza kama jina langu limo, nikamwambia halimo. Akasema haidhuru, wenye kujua wanajua.

Ikapita miezi miwili hivi. Siku moja ya kaskazi, wakati joto linapobana hata ndani ya nyumba za mawe, shangazi alinitumia salamu kwamba nikitoka kazini nipite. Nilimkuta barazani na karatasi mkononi, ameikunjua juu ya paja na kuinyoosha kwa kiganja. Niliitambua nikiwa bado njiani.

Akanieleza. Adhuhuri ile, mgeni mmoja mwanamke, mtu mzima wa rika la kuwa na wajukuu, alikuja peke yake kutoka upande wa Ngomeni, uso umemwiva kama nyanya, akakaa kwenye ukingo wa baraza. Shangazi akaona huyu ameshikwa na jua. Akaingia mbio, akatoka na glasi ya maji ya ukwaju. Yule mama akatikisa kichwa. Shangazi akadhani anaona haya, akamwekea glasi mkononi, akamwashiria aingie ndani kwenye baridi. Mgeni akaiweka glasi chini, akafungua mkoba, akatoa karatasi hii, akaweka kidole mahali fulani na kumwonyesha. Kisha akainuka akaenda zake akiyumba, karatasi ikabaki. Hakufika mbali. Mbele ya duka la jirani yetu alipiga magoti, na jirani akatoka akamsaidia kukaa, akampa chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Hiyo akainywa.

"Sasa n'somee," shangazi akasema. "Si ndiyo ile uliyoiandika? Pale alipoweka kidole pasemaje?"

Alikuwa amepawekea alama kwa ukucha, asipasahau. Palikuwa pale pale nilipojua patakuwa.

Nilianza juu. Nilisoma ya Mwembe Tayari, akakubali kwa kichwa. Nilisoma ya mavazi, akasema hiyo nzuri. Nilisoma ya picha. Nikafika pa alama, na sauti yangu ikaendelea kama kwamba bado inasoma. Nikasema: "Nne. Jua la Mombasa ni kali. Ukichoka, kaa kwenye baraza ya mtu yeyote, msalimu, omba maji. Hakuna atakayekunyima. Ukikaribishwa ndani, ingia, kwani kumkatalia mwenyeji ni kumvunjia heshima."

Maneno yalinitoka bila ya kutafutwa. Shangazi alikaa akiyatafakari, kisha akajipiga paja polepole. Akasema sasa ameelewa. Yule mama alikuwa akimwomba maji kwa karatasi, maskini, na yeye kwa ujinga wake akamletea ukwaju. Ndiyo maana akaukataa. Alitaka maji matupu, kama ilivyoandikwa. Mtu anakuomba maji wazi wazi, kwa maandishi, nawe humpi, mpaka anakwenda kuanguka mlangoni pa mwingine. Aliumia kweli. Alisema atamwomba Mungu msamaha.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya iliki kwenye kanga yake, na njia ilikuwa tupu. Badala yake nikamwambia asijilaumu, hakujua.

Kesho yake asubuhi nilipokuwa nikienda kazini niliiona karatasi imebandikwa mlangoni pake. Alikuwa amepika uji mzito wa unga wa ngano, akaupaka nyuma ya karatasi, akaibandika kwenye ubao wa kulia, kwa usawa wa macho ya mtu mrefu, ule upande wenye nasaha ya kwanza hadi ya tano ukitazama nje. Chini yake, juu ya baraza, aliweka mtungi wa maji na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Aliponiona alinionyesha kwa mkono kama anayeonyesha samani mpya. Sasa mgeni hatakuwa na haja ya kuhangaika, alisema. Akifika tu anaona kwamba hapa panajulikana utaratibu.

Nilisema amefanya vyema. Tangu siku ile nilianza kupita njia nyingine. Kutoka stendi ya tuktuk hadi kazini kuna njia tatu, na mimi nilichagua iliyo ndefu, inayozunguka nyuma ya soko la samaki. Nikimtembelea shangazi nilingoja jioni, saa ambazo wageni wamesharudi vyumbani. Kila nilipofika niliitazama ile karatasi. Jua liliifubaza lakini wino haukufutika. Mara mbili nilinyoosha mkono niibandue, mara zote mbili nikasikia kandambili zake ndani. Lakini ningeweza kuibandua hata hivyo. Ningeweza kusema ni upepo.

Najiuliza ni watu wangapi wa mtaa walioisoma. Wanafunzi wa shule walipita hapo kila siku. Hakuna aliyemwambia. Labda walidhani anajua maana yake, labda waliona si kazi yao, labda walimhurumia. Wote walikuwa na adabu kuliko mimi.

Yalinifika siku moja ya Jumatano. Mwenye nyumba alinituma nimpeleke mpiga picha aliyemkodi akalipige picha duka la jirani yetu yule, kwa hiyo sikuweza kuikwepa njia. Mpiga picha aliingia dukani, mimi nikabaki kizingitini, na kutoka hapo mlango wa shangazi nauona wote. Wageni wawili, mume na mke vijana, walikuwa wamesimama mbele yake. Wanasoma. Shangazi kasimama kando ya karatasi, mikono ameifumbata tumboni kama mtoto anayesomewa matokeo. Walipofika pa nne waliangaliana. Mwanamke akaziba mdomo. Mwanamume akamtazama shangazi, akautazama mtungi, akarudi kwenye karatasi, na kicheko kikamponyoka. Shangazi naye akacheka, kwa sababu wageni wanacheka. Wakatoa simu. Wakamwomba, kwa adabu zote, kama nasaha ya tatu ilivyowafundisha, ruhusa ya kumpiga picha pamoja na karatasi. Akakubali. Akajipanga kanga, akainua kikombe cha maji mpaka usawa wa kifua, akasimama chini ya maneno yangu.

Maji hawakunywa. Walishukuru, wakatabasamu, wakaendelea na safari yao.

Nilikuwa hatua ishirini. Sikwenda.

Jirani alikuwa ameshuhudia yote kutoka nyuma ya kaunta. Ni mzee wa Kihindi, Muislamu, ambaye babu zake walizikwa kisiwani humu, na shangazi humwita kaka tangu kabla mimi sijazaliwa. Alimtoa mpiga picha dukani kwa heshima, akamwambia anisubiri nje, kisha akaniita karibu. Hakupandisha sauti. Aliniambia kwamba shangazi alimwita mara mbili mbele ya ile karatasi ili amsomee tena, kwa kuwa alipenda kuyasikia yale maneno, naye mara zote mbili alimwambia kwamba miwani yake imevunjika.

"Miwani yangu hii hapa," akasema, akaivua na kuiweka juu ya kaunta. "Nina miaka sabini na tatu, na umenifanya niseme uongo kwa mwanamke ambaye alinipikia siku niliyofiwa. Mimi sitamwambia. Wewe utamwambia."

Nikasema nitamwambia. Akaniuliza lini. Nikasema Jumamosi. Akavaa miwani yake akarudi kwenye kazi yake, na mimi nikatoka nje nikamkuta mpiga picha akiupiga picha mlango wa shangazi, kwa kuwa ni mlango mzuri.

Jumamosi asubuhi nilimkuta jikoni akitengeneza mabuyu. Sukari ilikuwa inachemka na rangi nyekundu, na yeye anaikoroga kwa mwiko mrefu. Ni kazi isiyoruhusu mtu kuondoka hata dakika moja, nami nilikuwa nimeichagua saa ile kwa hila, nikidhani nitasema huku amenipa mgongo. Nikamwambia nina neno kuhusu ile karatasi. Alinitazama mara moja tu. Akazima jiko, akaiacha ile sukari igande kwenye sufuria, akanawa mikono, rangi isitoke, akakaa kwenye kibao.

Nilikuwa nimeibandua mlangoni nilipoingia, ikachanika pembe. Nikaisoma. Nikaisoma ya nne kama ilivyo, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Huyo bibi mzee," akauliza, "ni mimi?"

Nilitaka kusema kwamba ni mfano tu, kwamba kuna watu wabaya siku hizi, kwamba mgeni hawezi kupambanua. Yote hayo yana ukweli wake. Lakini alikuwa ameniuliza swali dogo na lenye jibu moja. Nikasema ni yeye. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamweleza habari ya wale vijana watatu, jinsi walivyomwigiza na jinsi nilivyocheka, na kwamba nilipoulizwa kama namjua sikusema ni shangazi yangu.

Hakulia, na kwa jinsi ninavyomjua sikutarajia alie. Aliangalia vidole vyake vyekundu kwa muda. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Na yale ya kwanza, uliyonisomea siku ile. Hayamo humu?"

"Hayamo."

"Uliyatoa wapi?"

Nikamwambia niliyatoa kwake. Ndiyo aliyokuwa akiyasema tangu nilipokuwa msichana.

"Basi ulikuwa wayajua," akasema.

Aliinuka, akaushika mwiko, akajaribu kuibandua ile sukari iliyoganda, na nilipotaka kumsaidia akanisogeza kwa kiwiko, taratibu, kama unavyomsogeza mtu asiungue. Sufuria ile yote ilimwagwa. Nikaaga kutoka mlangoni pa jikoni. Aliitikia.

Jumatatu nilimwambia mwenye nyumba kwamba karatasi ina makosa na nataka kuiandika upya. Akataka kujua makosa gani, kwa sababu wageni wameisifia, nami nikamweleza, na nikamwambia yule bibi ni nani. Kusema kweli alinisikiliza kwa uungwana kuliko nilivyomtarajia. Alisema angejua asingecheka. Karatasi zote zikaondolewa vyumbani siku ile ile, nami nikaandika mpya. Mahali pa nne nikaandika kwamba watu wa Mji wa Kale hukaribisha, na kwamba mgeni asiyetaka kuingia aseme asante kwa sauti na aweke mkono kifuani, aeleweke kwamba amekataa kwa heshima. Nikaandika pia namna ya kumtambua mtu anayefanya kazi ya kutembeza wageni na namna ya kupatana naye. Ilichukua siku tatu. Ile ya kwanza niliimaliza kwa alasiri moja.

Niliporudi kwa shangazi wiki ile nilipiga hodi kama kawaida, huku nikiingia. Alinikuta ukumbini akanisimamisha. "Karibu," akasema, "karibu sana, kaa." Akanionyesha kiti cha mbele, kile cha wageni, ambacho miaka sita niliyoishi mle ndani nilikuwa nikikifuta vumbi tu. Aliniletea maji ya ukwaju kwenye glasi ya maua, juu ya sinia, na kitambaa. Aliniuliza habari za nyumbani, za baba, za kazi. Alinisikiliza kwa makini. Nilipoinuka nipeleke glasi jikoni, aliichukua mkononi mwangu na kusema mgeni haoshi vyombo.

Hakuwa akinikejeli. Nilimchunguza usoni, nikitamani iwe kejeli, kwa sababu kejeli ningeijua pa kuishika. Alikuwa amenipa heshima yote aliyonayo, na mimi nilikuwa sijui niiweke wapi. Ramadhani ikaingia, na ikawa hivyo mwezi mzima. Nilifuturu kwake mara nne, kila mara ukumbini, kila mara glasi ya maua. Siku ya Idi alinituma jikoni nikamletee chumvi, labda kwa kusahau, nikaenda haraka kabla hajakumbuka.

Baraza yake bado anaikalia asubuhi. Wageni wakipita huwajibu wakimsalimu, kwa furaha hata, lakini hainuki. Mtungi aliuondoa yeye mwenyewe. Jirani ameniambia kwamba alimuuliza mara moja kwa nini hawakaribishi tena, akamjibu kwamba wasije wakaogopa.

Nilidhani kwa kuziondoa karatasi vyumbani nimemaliza upande huo. Mwezi uliopita, alifika kwetu mgeni mmoja mwanamume, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, akajaza fomu, kisha akanionyesha simu yake. Alikuwa amesoma ukurasa mmoja wa mtandao wenye mashauri kwa wasafiri wanaokuja Kenya, na alitaka kujua kama ni ya kweli, kwa kuwa umeandikwa kwamba yametoka kwa mwenyeji. Yalikuwa maneno yangu, yameongezwa picha. Picha ilikuwa ya mwanamke mzee mwenye kanga, ameinua kikombe, anatabasamu kwa moyo wote. Kidole cha yule mgeni kilikuwa kwenye nasaha ya nne.

Nikamwambia si kweli. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema mimi ndiye niliyeyaandika, na huyo ni shangazi yangu, na hajawahi kutaka kitu kwa mgeni.

Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Alikuwa amesafiri siku nzima na hakuwa na namna ya kujua ni lini nilisema kweli, wakati ule au sasa. Akaweka simu mfukoni, akaniomba ufunguo wa chumba chake.